Mishono Saba ya Suti ya Kijivu

Kaka yangu aliingia dukani kwangu Jumatatu, kabla ya adhuhuri, akihema, suti yake ya kijivu imelala juu ya mkono wake kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Hakutoa salamu mpaka alipokwisha kuketi. Kiti cha wateja, ambacho miguu yake nimeikaza kwa misumari mara mbili kwa ajili yake, kililia; naye akakitazama kwa lawama, kana kwamba kiti ndicho kilichokosa adabu.

"Asalaam alaykum," akasema hatimaye. "Mdogo wangu, wale watu wa hospitali hawana mizani."

"Waalaykum salaam. Hospitali nzima haina mizani, kaka?"

"Wanayo, lakini ni kopo tu. Imenisoma kilo mia na nne. Mimi! Na daktari mwenyewe kijana wa juzi, ananitazama tumbo kama anakadiria gunia. Eti goti halipasuliwi mpaka nipunguze kilo kumi. Eti na sukari nayo inaninyemelea."

Goti lenyewe nalijua. Miaka mitatu sasa kaka yangu anasali juu ya kiti, mwisho wa safu, karibu na ukuta. Wenzake wanapoporomoka kusujudu, yeye hubaki juu peke yake, ameinamisha shingo, akitazama migongo ya watu. Siku moja tulipokuwa tunatoka msikitini aliniambia, bila ya mimi kumwuliza, "Nataka paji langu la uso liguse ardhi kabla halijafukiwa ndani yake." Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine kwa dhati kama hicho.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Alhamisi narudi. Nikikaidi tena, wamesema nafasi yangu anapewa mwingine, na mimi narudishwa mwisho wa orodha. Mwaka mzima mwingine juu ya kiti! Kwa hiyo tutakwenda wote, na utachukua lile daftari lako la vipimo."

"Daftari langu lina nini la kumwonyesha daktari?" niliuliza.

"Lina kiuno changu. Inchi thelathini na nne. Umekiandika kwa mkono wako siku uliponishonea suti hii, miaka kumi na miwili iliyopita. Na suti ni hii hii. Inaingia, inafunga. Mtu anenepe kilo ishirini na nne halafu suti yake ya zamani imwingie? Nguo haisemi uongo, bwana." Akanitupia suruali mezani. "Ila kifungo kimekatika. Kitie, nitaivaa siku hiyo hiyo, daktari aone kwa macho yake."

Nilisema, "Insha Allah," neno ambalo halikustahili kubebeshwa hofu yangu.

Yapasa nieleze jambo lenyewe lilivyokuwa. Mimi ni fundi cherehani, na kaka ni karani mkuu wa masjala katika ofisi ya serikali. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado na meno ya utoto. Kaka ndiye aliyenilea, akanisomesha juzuu za mwanzo kabla hata sijapelekwa kwa mwalimu, na cherehani yangu ya kwanza aliibeba yeye begani hadi nyumbani. Ofisini kwake ni mtu anayeogopwa. Fomu yenye nafasi moja iliyoachwa wazi haivuki meza yake. Huirudisha kwa ncha ya kidole, bila ya kumtazama mwenye fomu. Lakini nyuma ya mgongo wake watu humwita Bwana Kidogo, kwa sababu ya jibu lake. Chai, mzee? Kidogo tu. Sukari? Kidogo tu. Biskuti? Haya, kidogo. Hakuna aliyepata kumwona akijaza sahani. Wala hakuna aliyepata kumwona saa nzima ikapita mdomo wake haujatafuna.

Siku alipopandishwa cheo nilimshonea suti ile, kwa kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyopata kuvigusa. Fundi mwangalifu huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, na mabaki huyaweka; mimi niliyaweka katika kopo la bati chini ya meza. Mwaka wa pili kaka akaniletea suruali niibadilishe zipu. Nilipoigeuza ndani nje niliona mshono wa nyuma umevutika, nyuzi zinachungulia kama meno. Nikafumua, nikaachia kitambaa kadiri ya inchi moja, nikashona upya, nikapiga pasi mpaka alama ikatoweka upande wa nje. Sikusema kitu. Ningesema nini, na kwa ulimi gani, kumwambia mtu aliyenilea kwamba tumbo lake limekua?

Alipokuja kuivaa alijipiga kifuani mbele ya kioo changu. "Unaona? Wenzangu wote ofisini wamevimba. Mimi niko pale pale." Nami nikacheka pamoja naye.

Laiti ningalilia! Kwani baada ya hapo ikawa desturi. Mwaka huu zipu, mwaka mwingine kifungo, mara pindo la mguu limefumuka. Kila aliponiletea, nami niliachia. Akiba ya ndani ilipokwisha, nilifungua kopo la bati, nikakata vipande vyembamba vya pembe tatu, nikavitia ubavuni, mahali ambapo koti hufunika. Vifungo vya koti nikavisogeza. Mara saba kwa miaka kumi na miwili. Na kila mara, kabla ya kushika mkasi, nilipindua mifuko yake, nikakung'utia mlangoni yaliyomo: maganda ya karanga, karatasi za peremende, chembe za biskuti. Sisimizi wa mtaa ule waliujua mlango wangu kama waumini wanavyoujua msikiti. Niliwatazama wakibeba, nikamkemea kaka yangu moyoni kwa maneno makali sana, kisha nikarudi kukaa na kumshonea nafasi ya maganda mengine.

Kilo mbili kwa mwaka, nani aziona? Mwenye kuziona alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi.

Jumanne nilikwenda nyumbani kwake kula chakula cha mchana, nimepiga moyo konde kwamba leo nitasema. Tulikuwa watu wanne mezani: kaka, mkewe, mjukuu wao wa kike wa miaka mitano, na mimi. Kaka alijipakulia vijiko viwili vya wali na mboga, akanionyesha sahani yake kama shahidi anayeinua mkono.

"Tazama. Hiki ndicho chakula cha mtu wa kilo mia na nne? Ni ndege huyu anayekula hapa!"

"Ndege yupi?" akauliza mjukuu, akageuka kutazama dirishani.

"Mbuni," akajibu bibi yake.

Tulimaliza. Mjukuu aliacha nusu ya sahani. Kaka akaivuta kwake bila hata ya kukatisha maneno aliyokuwa akiniambia juu ya ofisi, akaimaliza. Kisha akaegemea, akalifikia sufuria, akapangusa mchuzi uliobaki kwa kipande cha mkate, tena na kingine, mpaka sufuria likang'aa.

"Baba watoto," mkewe akasema.

"Israfu ni haramu, mke wangu. Nikiacha, nitaulizwa."

"Utaulizwa na hilo goti pia. Tumbo lako ndilo pipa la nyumba hii?"

"Si kidogo tu?"

Shemeji alibeba vyombo, akanipa jicho. Nikabeba sufuria, nikamfuata jikoni. Alisimama nyuma ya mlango, akafuta mikono, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imechoka kuliko nilivyopata kuisikia.

"Shemeji, ningesema huyu ndugu yako anakula sana, ningekuwa mwongo. Huyu hali chakula. Anakula pembeni mwa chakula. Asubuhi chai vijiko vitatu vya sukari, akifika ofisini ya pili, saa nne ya tatu. Akirudi anaonja sufuria kabla sijaepua. Akipita kabatini, biskuti. Akitoka kabatini, biskuti. Halafu anaapa, na anaapa kweli, kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."

Akachukua karatasi iliyobandikwa kabatini, akanipa. Ilikuwa fomu ya hospitali. Daktari alimtaka aandike kila kitu alichokula au kunywa tangu Jumatatu hadi Alhamisi, kila siku na mstari wake. Siku ya kwanza, kwa mwandiko ule mzuri wa masjala, palikuwa na maneno matatu: Chai. Mchana. Usiku. Siku tatu zilizobaki, hata zile ambazo hazijafika, alitia alama za kuonyesha kwamba mambo ni yale yale.

"Karani mkuu huyo," akasema shemeji. "Anayewarudisha watu kwa kusahau tarehe."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu. Kinachonishinda ni ile suti, shemeji. Kila nikimwambia amenenepa, anakwenda kuivaa, anasimama mlangoni pale, anasema: haya, rudia tena. Nirudie nini? Suti inamtosha! Nimefika mahali nadhani macho yangu ndiyo mabovu." Akanitazama. "Wewe anakusikia. Zungumza naye. Siku mbili tu zimebaki."

Wallahi, neno lilifika kwenye meno. Nikamrudishia karatasi, nikasema nitajaribu, nikaaga. Njiani nilijikasirikia hata nikapita nyumba yangu bila ya kuiona. Mwanamke yule alikuwa anayatilia shaka macho yake mwenyewe kwa sababu ya mkasi wangu, na mimi nimesimama jikoni kwake nimebeba sufuria, nikaliweka chini, nikaondoka.

Alhamisi kaka alifika saa mbili na nusu asubuhi, amevaa kanzu, tayari kubadilisha.

"Kifungo tayari?"

"Bado, kaka."

"Bado? Siku tatu, kifungo kimoja? Au siku hizi unawashonea masultani?"

"Keti kwanza."

"Kuketi ndiko kunakoniumiza. Sema nikiwa wima, tunachelewa."

Nilikuwa nimekwisha kuigeuza suruali ndani nje na kuitandaza mezani, chini ya dirisha, mahali penye mwanga wa kutungia sindano. Nikasogea pembeni.

"Tazama hapa."

"Natazama nini? Nyuzi."

"Zihesabu."

Akatoa miwani, akainama. Mshono wa kwanza nilioushona ulikuwa wa uzi mweusi. Uzi ule ulikwisha zamani, na kila mara baadaye nilitumia uliokuwapo: wa rangi ya jivu, wa buluu iliyokoza, wa rangi ya risasi. Upande wa nje huoni kitu. Upande wa ndani mistari ya matundu ya sindano ilikuwa imepangana, mmoja baada ya mwingine, na penye mshono uliopo ndipo nyuzi zilipoonekana; mabaki ya nyuzi za zamani yalikuwa yamenasa humo. Kidole chake kilitembea polepole juu yake, kama kinavyotembea juu ya msomo mgumu. Kikafika ubavuni, kwenye kipande cha pembe tatu, kikasimama.

"Na hiki?"

"Kitambaa cha ndani kilikwisha, nikaongeza. Upande wa pili kipo kingine. Kaka, kiuno chako si thelathini na nne. Hakijakuwa thelathini na nne tangu mwaka wa pili."

Nje mtu alikuwa akifagia, na kila mvuto wa ufagio ulisikika.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mimi nilikuletea zipu."

"Na zipu niliitia."

"Kumbe mimi kila mwaka nakuletea zipu, wewe unanijengea chumba cha uani! Bila ya ruhusa ya mwenye nyumba!"

"Nilitaka kukusitiri."

"Usinitajie sitara!" Akapiga meza, mkasi ukaruka. "Sitara ni kwa watu wa nje. Mimi na wewe tumelala mkeka mmoja. Unajua nimefanya nini kwa suti hii? Nimemfokea mke wangu. Nimemwita daktari mjinga mbele ya wagonjwa wenzangu. Nimesimama mlangoni kwangu, mzee mzima, nimejishika kiuno kama mwanamitindo, nikamwambia mke wangu arudie! Umenivisha kilemba cha ukoka miaka kumi na miwili, halafu unaniita kaka?"

Kila alilosema lilikuwa haki, na labda kwa sababu hiyo nami hasira zikanipanda. Jambo nisilolifanya tangu nizaliwe nikalifanya: nilimwamuru mkubwa wangu.

"Toa vilivyomo mfukoni."

"Unasemaje?"

"Mfuko wa kanzu. Toa."

Alinikazia macho mpaka nikadhani atanizaba kofi. Kisha akatia mkono, akaweka mezani karanga zilizofungwa katika kipande cha gazeti, na peremende mbili.

"Hizi? Hizi si kidogo tu?"

"Kidogo tu ni hii hapa!" Nikagonga mishono, mmoja mmoja. "Huu ni mwaka ulipohamishiwa ghorofa ya pili, chai ikawa inakujia mezani badala ya wewe kuifuata. Huu ni mwaka mjukuu wako alipoanza kula wali, ukawa unammalizia sahani. Huu sijui ni nini, lakini mifuko ilikuwa imejaa biskuti za malai. Mimi sikuwahi kukung'uta mlo kutoka mfukoni mwako, kaka. Nilikung'uta maganda. Mishono yote saba ni ya maganda!"

Akavua miwani. Aliposema tena, alisema taratibu, kwa sauti yake ya ofisini.

"Umeghushi kumbukumbu."

"Nimeghushi. Na ile fomu ya daktari? Chai, mchana, usiku. Ile angekuletea mtu mwingine ungeifanya nini?"

Kaka yangu aliketi. Kiti kililia, lakini safari hii hakukitazama. Akaingiza mkono katika mfuko wa pili, akatoa fomu imekunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti lake bovu. Nilidhani ataichana. Karani hachani. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno yake matatu, ulionyooka, yaliyokatwa yasomeke, akatia saini pembeni, akaigeuza upande mweupe.

"Jumatatu nilikuja hapa. Nilikula nini?"

"Chai mbili."

"Moja."

"Mbili, kaka. Ya pili ulikunywa yangu."

Akaandika. "Sukari?"

"Mitatu na mitatu."

"Kijiko cha tatu hakikujaa."

"Andika mitatu!"

"Usinipigie kelele, mimi si mtoto wako." Lakini akaandika. Akaandika karanga, akaandika mkate wa sufuria, akaandika nusu sahani ya mjukuu, na kila neno lilimtoka kama mwiba. Wakati mwingine alisimamisha kalamu, akatazama ukuta, akasema, "Hata hiki nacho?" nami nikasema hata hicho nacho. Hapakuwa na upole wowote baina yetu. Alipofika Jumatano upande ule ulikuwa umejaa, akageuza karatasi, akaendelea pembezoni.

Kisha akasimama, akainua mikono. "Pima."

Nilimzungushia futi ya kitambaa juu ya kanzu. Mikono yangu, iliyopima nusu ya mtaa huu, ilikuwa haijamgusa kaka yangu kwa kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili. Arubaini na moja. Akanipokonya daftari, akatafuta ukurasa wake, akaandika mwenyewe chini ya thelathini na nne, pamoja na tarehe.

"Nakwenda na daftari. Wewe baki."

"Si tulisema twende wote?"

"Tulisema uje kuwa shahidi wangu. Sitaki tena shahidi wa aina yako. Fumua mshono wa saba, urudi kwenye wa sita. Nikija hapa nikakwambia uachie, kataa."

"Utanikasirikia."

"Nitakukasirikia sana. Nitakutajia hata cherehani niliyokubebea. Kataa."

Mlango wangu una vidato vitatu. Alivishuka upande upande, ameshika ukuta, mguu mbovu kwanza, mguu mzima ukifuata, daftari kwapani. Kilo kumi zilikuwa mbele yake, na sikumwona akiwa na furaha ya mtu aliyeongoka. Nilimwona mtu aliyeudhika, anayekwenda kumwomba radhi daktari mdogo kuliko binti yake. Karanga zake alikuwa ameziacha mezani makusudi.

Nilivuta suruali, nikatafuta ncha ya uzi wa saba, nikaanza kufumua. Kufumua ni kazi ya subira. Macho yako kwenye uzi, mkono wa kulia una kisu, mkono wa kushoto hauna shughuli kubwa. Sikuinua kichwa mpaka uzi wa saba ulipokwisha kutoka, yakabaki matundu ya mshono wa sita. Hapo ndipo nilipoona kwamba kipande cha gazeti kimebaki wazi, karanga zimepungua zaidi ya nusu, na maganda mekundu yametapakaa juu ya kitambaa cha kijivu. Tangu kaka aondoke hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameingia.